Jogoo wa Kioo wa Mnyuzi

Niliwahi kulia machozi kwa sababu ya kibao cha barabarani, na sioni haya kusema. Ilikuwa Mkata, asubuhi, tumemaliza kusimika kibao cha kijiji kipya cha ujamaa na mwenyekiti wetu bado ana udongo viganjani. Basi la kwenda Korogwe likatokea kwenye kona, jua likapiga kioo, herufi zikawaka. Zikawaka nyekundu na kijani, zinatetemeka, utadhani kuna kitu kinapumua nyuma yake. Dereva akapunguza mwendo, abiria wakatoa vichwa madirishani. Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo pembeni akatuuliza, "Jamani, umeme umefika lini hapa?"

Hapakuwa na umeme, hata wa dawa. Palikuwa na kioo, rangi, karatasi ya fedha na gunzi la mahindi. Mimi ndiye niliyeziandika herufi zile, tena kinyumenyume, kwa sababu kibao cha kioo huandikwa kwa nyuma. Niliposimama mbele yake nilijisikia mdogo sana, kama vile haikuwa kazi ya mikono yangu.

Tulikuwa watu kumi na mmoja katika kikundi cha ushirika, Korogwe mjini, ndani ya ghala lililokuwa la katani. Unachukua kioo, unakipaka rangi nyeusi nyuma na kuacha herufi wazi. Zile nafasi wazi unazipaka vanishi yenye rangi. Kisha unaweka karatasi ya fedha, ile inayotandikwa ndani ya masanduku ya chai yanayoshuka kutoka milimani, unashindilia magazeti, unapiga ubao, unaziba kingo kwa lami. Lakini karatasi ile ukiiweka hivihivi inang'aa kipumbavu tu. Lazima kwanza uiviringishe juu ya gunzi kavu na kuibonyeza, ipate vishimo vidogo mstari kwa mstari, kila kishimo kikamate jua lake. Hiyo ndiyo ilikuwa siri, ingawa sisi hatukujua kama ni siri. Mama alinifundisha nikiwa msichana, nyumbani kwetu Mnyuzi, na kila aliponionyesha alisema, "Ndivyo alivyofanya baba yako."

Wakubwa wa Handeni walipokiona kibao cha Mkata walitaka kila kijiji kipya kiwe na chake. Tukapata kazi ya mwaka mzima. Kisha ikaja barua.

Mimi ndiye nilikuwa karani, kwa hiyo niliifungua mimi. Ilitoka kwa mawakili Dar es Salaam, wakiandika kwa niaba ya kampuni ya ng'ambo inayotengeneza mabango ya kioo. Walisema kampuni ina hati ya uvumbuzi, siku hizi wanaita hataza, juu ya bango la kioo lenye rangi na karatasi ya madini yenye vishimo vya safu nyuma yake. Hati ilisajiliwa miaka kadhaa baada ya vita vikuu, na ilikuwa bado na nguvu kwetu hata baada ya Uhuru. Tuache kutengeneza, vinginevyo tutashtakiwa.

Nilisoma mara tatu. Hasira zangu ziko karibu, kila anayenijua anajua, na siku ile niliipiga meza mpaka wino ukamwagika. "Vishimo vya safu! Wamevumbua gunzi? Gunzi?"

Mwenyekiti wetu alikuwa Msambaa wa milimani, mtu wa kwaya, mpole kupita kiasi. Akasema, "Dada, hawa hawatujui. Mtu asiyekujua unamkaribisha nyumbani." Nikaandika jibu la adabu: tumepokea barua yenu, karibuni mje mtuone.

Wakamtuma mjumbe wao, bwana mmoja nadhifu mwenye daftari. Nyie! Tulimpokea yule mtu kama mkwe. Tulichinja kuku. Tulimpitisha hatua kwa hatua, kila fundi anamweleza kazi yake. Alipouliza vishimo vinapatikanaje, nilikimbia mwenyewe kuleta gunzi nikamwonyesha, nikamwachia na yeye ajaribu, tukamcheka alipoichana karatasi. Wakati wa kuondoka tukampa zawadi: kibao kidogo chenye jina lake, la dhahabu juu ya weusi. Akashukuru sana. Akakipakata kibao mpaka stesheni.

Mashtaka yalipokuja, kielelezo cha kwanza kilikuwa kibao chenye jina la mgeni wetu.

Walitaka mahakama itupige marufuku, vibao vyote ving'olewe, hata cha Mkata, na vifaa vyetu vichukuliwe pamoja na fidia ambayo hata tungeuza ghala isingetosha. Wenzangu kumi waliketi kwenye madebe yao ya rangi. Wengine walikuwa wameacha mashamba kwa ajili ya kazi ile. Mwenyekiti alisema tu, "Kuku wangu yule," kisha akatoka nje.

Chama cha ushirika kilituletea wakili kutoka Tanga. Akatueleza jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria nashangaa jinsi sheria ilivyo na mlango mahali usipotarajia. Kama mtu mwingine alishafanya kitu kilekile hapa kwetu, waziwazi, watu wakakiona, kabla ya kampuni kusajili, basi hati yao haitusumbui. Haikuwa yao kuvumbua.

Nikaruka. "Baba yangu!"

Ukutani kwetu Mnyuzi kulikuwa na jogoo. Jogoo wa kioo, ukubwa wa sinia, mkia mwekundu na kijani, macho ya manjano. Asubuhi mlango ukifunguliwa jua lilimfikia, naye alikuwa anaamka. Nimekua chini ya jogoo yule. Marehemu baba alikuwa kuli wa stesheni, akaenda vitani Burma, akarudi, akafa nikiwa mdogo. Sura yake siikumbuki vizuri. Jogoo ndiye alikuwa baba yangu, kwa kusema kweli. Kila mgeni aliuliza nani kamtengeneza, na mama alijibu lilelile: "Ni kazi ya mwenye nyumba."

Baba mkubwa, kaka yake marehemu, alinihakikishia kwamba baba alimtengeneza kabla hajaenda vitani. "Sote tunajua hivyo," alisema. Basi nikaapa kwa maandishi: jogoo alitengenezwa na baba yangu kabla ya kwenda vitani. Wakili akasema vizuri sana, lakini lazima afunguliwe mbele ya hakimu, waione karatasi ya ndani na vishimo vyake. Mimi fundi nilijua maana yake. Baada ya miaka mingi hivyo rangi imeshikana na karatasi. Ukimfungua, hatawaka tena.

Nilikwenda Mnyuzi kwa treni kumwambia mama. Nilimkuta anapepeta mahindi. Nilimwamkia, nikaeleza yote, naye akaendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi. Kisha akatazama ukutani.

"Watu kumi na mmoja," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mchukueni. Ila baba yako msimtajetaje sana huko mahakamani. Mwacheni apumzike."

Niliona ni uchungu wa mjane tu. Nikamwambia bila baba hakuna kesi, tena nikamwambia kwa ukali, Mungu anisamehe. Akajaza mahindi mengine kwenye ungo.

Mahakama Kuu iliruhusu ushahidi wa mashahidi wetu uchukuliwe Korogwe, mbele ya hakimu, kwa sababu ya umri wa baba mkubwa. Siku hiyo chumba kilijaa. Mafundi wetu walivaa mashati ya Jumapili na kanzu za Ijumaa. Mama alikaa nyuma kabisa, kajifunika kanga, akaniambia amekuja kumwangalia jogoo wake tu.

Kwa heshima tulimtanguliza baba mkubwa, maana ndiye mkubwa wa ukoo. Hakimu angetaka aseme maneno mawili. Yeye alisema mia. Alikuja na medali ya ndugu yake kwenye kitambaa cheupe, na cheti cha jeshi chenye siku aliyoondoka na siku aliyorudi. Akasimulia Burma nzima, mvua zake na matope yake. Wakili wa kampuni alimsikiliza kwa makini mno, akaomba kile cheti kipokelewe kama kielelezo. Mimi nilifurahi! Nilidhani tumemshika.

Ndipo nikaitwa kumfungua jogoo. Nilikata lami kwa kisu, taratibu. Niliondoa ubao. Chini yake kulikuwa na magazeti yamegandamana, nikayabandua moja moja, na chini ya magazeti ndiyo karatasi ya fedha. Nikainua ncha. Mkia mwekundu ukabanduka na kudondoka mezani vipandevipande. Nilimsikia mama nyuma akivuta pumzi.

Lakini karatasi! Hakimu alisimama kuiangalia. Vishimo vya safu, mstari kwa mstari, vimepangika kuliko vyangu nilivyowahi kubonyeza. Alama ya gunzi dhahiri, ya zamani kuliko mimi mwenyewe.  Hata mwenzetu mmoja mpiga soga, ambaye hajawahi kufunga mdomo, alifunga.

Wakili wa kampuni hakuiangalia karatasi. Alichukua gazeti. Akalisoma juu, akachukua cheti cha jeshi, akavishika vyote viwili, kimoja mkono huu, kingine mkono ule.

"Shahidi," akaniambia, "uliapa kwamba baba yako alitengeneza hiki kabla ya kwenda vitani?"

"Ndiyo."

"Gazeti hili limechapwa mwaka mzima baada ya yeye kuondoka. Alikuwa Burma. Baba yako mkubwa ametuambia hivyo sasa hivi, na cheti kinasema hivyo. Marehemu alikuja kwa miujiza kushindilia gazeti?"

Watu wachache wakacheka. Akaendelea kwamba kiapo changu ni uongo, na kama hicho ni uongo, nani ataamini lolote? Gazeti la zamani hata yeye analo kabatini. Kibao hiki huenda kimetengenezwa mwezi uliopita, na mimi, fundi wa vibao, ndiye niliyekitengeneza.

  Niliwaona wenzangu kumi wameinamisha vichwa. Niliona kibao cha Mkata kinang'olewa. Na jogoo alikuwa pale mezani, mkia umeshakuwa vumbi, ameuawa bure.

"Nilitengeneza mimi."

Kila mtu aligeuka. Mama alikuwa amesimama, kanga imeshuka mabegani.

Baba mkubwa akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, kaa."

"Nisamehe, shemeji," mama akamjibu, bado amesimama. "Nimekaa miaka yote hii." Kisha akamwambia hakimu, "Baba, mume wangu hakumtengeneza jogoo. Alikuwa vitani. Nilimtengeneza mimi."

Hakimu akamwita mbele, akamwapisha. Mimi nilikuwa namtazama mama yangu kama namwona siku ya kwanza. Mwanamke aliyenifundisha gunzi, aliyeniambia kila siku ndivyo alivyofanya baba yako! Kumbe mikono niliyokuwa naiangalia ndiyo mikono yenyewe.

Alieleza bila haraka. Mume alipoondoka, yeye aliuza ndizi stesheni. Masanduku ya chai yalivunjika wakati wa kupakia, wafagizi wakatupa karatasi, yeye akaokota kwa sababu zilimfurahisha. Kioo kilikuwa cha dirisha la behewa. Rangi nyeusi aliomba kwa mafundi wa reli, na kwa rangi nyingine alichanganya vanishi na wino. Siku moja alifunga magunzi ndani ya ile karatasi ili watoto wa jirani wasiyachezee, akayaweka chini ya mzigo wa kuni. Alipofungua, akaona.

"Ukaona nini?" hakimu akauliza.

"Mwanga, baba. Mwanga mwingi. Nilikaa chini nikacheka peke yangu."

Wakili wa kampuni akasimama, akasema kila mtu anaweza kudai. Mama akamgeukia bila ubaya wowote. "Mwanangu, una gunzi?"

Hapo hata hakimu alicheka. Gunzi lililetwa kutoka kwa mama mchoma mahindi nje ya mahakama, lingine lililokauka kutoka jikoni kwa askari. Karatasi ya fedha tulikuwa nayo. Mama akasukuma kielelezo cha kwanza pembeni, kile chenye jina la mgeni wetu, akatandika kanga yake mezani, akaviringisha. Hakubonyeza kwa kiganja kama nilivyozoea mimi. Alibonyeza kwa kidole gumba, akizungusha gunzi kidogo kidogo, macho yake yako dirishani, haangalii hata anachofanya. Alipoikunjua, hakimu akaiweka karibu na karatasi ya jogoo. Vishimo vimebonyea ndani zaidi upande mmoja, vivyo hivyo kwenye zote mbili, safu kwa safu. Kidole gumba kilekile. Mimi nafundisha kazi hii, na sikuwahi kuona kitu kama kile.

Likabaki swali moja, na hakimu hakumuuliza mama. Alimuuliza baba mkubwa. "Mzee, achana na nani aliyetengeneza. Wewe jogoo huyu ulimwona ukutani lini kwa mara ya kwanza?"

Baba mkubwa alikuwa ameishika medali. Alimtazama shemeji yake muda mrefu. Angeweza kusema hakumbuki, na heshima ya ndugu yake ingebaki ilivyokuwa. Nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo.

"Siku ya tatu baada ya ndugu yangu kurudi," akasema. "Tulikuja wote kumlaki. Stesheni nzima ilimwona."

Na siku ya kurudi ilikuwa imeandikwa kwenye cheti, kilichopokelewa kwa ombi la wakili wa kampuni mwenyewe, miaka kadhaa kabla ya hati yao.

Kampuni haikusubiri hukumu. Walifuta kesi kwa barua fupi isiyo na hata salamu. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti ghalani, akaimba wimbo mzima wa kanisani, na Waislamu wote tukamwitikia. Vibao vya Handeni tulivimaliza. Kikundi kilidumu mpaka masanduku ya chai yalipobadilika na karatasi ya fedha ikaadimika.

Siku ile tulirudi Mnyuzi kwa treni, mimi na mama, jogoo aliyekufa yumo ndani ya gunia. Nilikuwa nimefura. Nikamwambia, "Mama, kwa nini? Maisha yote! Kwa nini ulimpa baba?"

Alichungulia nje mpaka tukapita madaraja mawili. "Alirudi mwembamba," akasema. "Anakohoa. Wenzake wamekuja na cherehani, wamekuja na baiskeli, yeye kaja na medali na kikohozi. Nilikuwa nimemficha jogoo chini ya kitanda nimwonyeshe. Nikamtundika. Watu walipoingia kumpa pole, mmoja akapiga kelele, jamani nani kafanya hiki? Baba yako alikuwa kajiinamia pale kwenye kiti. Nikasema, ni kazi ya mwenye nyumba, aliiacha kabla hajaondoka. Akainua kichwa. Wakampongeza, wakamshika mkono mmoja mmoja. Akanitazama. Mwanangu, tangu ashuke treni alikuwa hajanitazama."

"Na baadaye? Alipokufa?"

"Baadaye ulikuwepo wewe. Ulihitaji baba."

 Nililia njia nzima mpaka kondakta akaniuliza kama nimefiwa.

Nilimtengenezea jogoo mwingine, mama akabonyeza karatasi kwa kidole gumba chake, nikamtundika palepale. Siku chache baadaye nilikuwa jikoni nasikia anapokea mgeni, fundi mpya wa reli aliyekuja kununua ndizi. Asubuhi, mlango wazi, jua limeingia. Yule kijana akasema, "Loo! Shikamoo, mama. Huyu jogoo nani kamtengeneza?"

 Kisha nikasikia, "Marahaba. Ni kazi ya mwenye..."

"Mama!" nikapiga kelele kutoka jikoni, mwiko mkononi.

Akacheka, kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho, cha msichana. Akalitamka neno polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Mimi," akasema. "Nimemtengeneza mimi. Ingia ndani baba, umwone vizuri."